Korido Niliyoing'oa Mwenyewe

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu, na wanaonifahamu Bukoba hii watakwambia hivyo hivyo. Nimelala barabarani siku mbili na Fuso iliyokatika ekseli, mikungu mia tatu ya ndizi inaivia ndani ya bodi, na bado nikatoka na faida. Nimeuziwa ng'ombe aliyekufa kabla hatujamaliza kupeana mikono, nikacheka, nikauza ngozi. Kwa hiyo nilipoanza kujenga nyumba yangu Nshambya nilikuwa nimeshajiambia kwamba hapa hakuna fundi, hakuna msomi wala hakuna ukuta wa kunishangaza, na kweli fundi hakunishangaza. Nilishangazwa na mlango wa choo. Choo changu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mchana kweupe, padri akiwepo, jumuiya nzima ikiwepo, na ukoo wa mke wangu ukiwa umetoka Muleba kuja kunipongeza. Naisema mwenyewe aibu hii kwa sababu najua mnasimuliana, na kila anayesimulia anaongeza la kwake (kuna anayesema nilijaribu kutokea dirishani, huyo mwongo, dirisha lile lina nondo na mimi nina kitambi).

Kwanza nieleze nilikotoka, si kwa kujisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Shule niliishia darasa la tano. Nilianza na baiskeli moja isiyo na breki, napakia ndizi Muleba, mlima nausukuma, mteremko naushuka nikisali, Kemondo napumzika kunywa chai ya rangi, na kabla soko halijachangamka niko mjini. Leo nina Fuso mbili, na watu wananiita Ta Mutalemwa kwa heshima, hata walionizidi umri. Vyote hivyo nimevipata kwa jicho. Nionyeshe mkungu ukiwa bado umening'inia mgombani nikutajie kilo zake, kisha ukaupime kwenye mzani uone. Sasa mtu mwenye jicho kama hilo ukimwambia anahitaji karatasi ya kumwonyesha chumba kikae wapi, si unamtukana?

Ila nyumba ile sikuijenga kwa ajili ya macho ya watu peke yake (kidogo, ndiyo). Miaka kumi na minane tulikuwa tumepanga Hamugembe, vyumba viwili, watoto wanalala huku sisi huku na kitenge kimetundikwa katikati. Na mke wangu, Mama Koku, muda wote huo alikuwa na mawazo ya mama yake. Ma Paskazia ni mjane, anakaa peke yake kwenye migomba yake kule Muleba, nyonga imemchakaa, anatembea kwa fimbo, na presha juu yake. Kila mwaka Mama Koku alimwomba aje kukaa nasi na kila mwaka mama alikataa, na sababu ya kukataa nilikuwa mimi.

Si kwamba tulikuwa na ugomvi. Kwetu Wahaya, kwa wasiojua, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akipita, wewe unageuka. Akiwa chumba hiki, wewe uko kile, na salamu zinapitia ukutani au zinabebwa na mtoto. Vijana wa sasa wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana, shauri yao, lakini Ma Paskazia ni wa zamani na mimi katika hilo ni wa zamani vilevile. Miaka ishirini na mbili nimekuwa mkwe wake nami nilikuwa namfahamu kwa kikohozi, na kwa viatu, maana nikihisi yuko karibu nainamisha kichwa na ninachoona ni viatu. Mwaka aliokuja kutibiwa mjini akafikia kwetu Hamugembe, mimi nililala kwenye Fuso usiku tisa. Yeye akaja kujua, akamwambia binti yake hatakuja tena kumfukuza mwanaume kitandani kwake, na hakuja.

Ndiyo maana niliponunua kiwanja ombi la Mama Koku lilikuwa fupi. Alisema, "Baba Koku, jenga unavyotaka, paka rangi unayotaka. Mimi nataka chumba cha mama na njia yake."

Njia yake, yaani mama aweze kutoka chumbani, kwenda chooni, kwenda uani kuota jua, bila kukutana na mimi. Nikamwambia hilo dogo.

Manispaa walitaka ramani, basi nikamlipa kijana mmoja aliyesomea mambo hayo, mpole, miwani imemshuka puani, akakaa mezani na Mama Koku mchana mzima (mimi nilikuwa Kemondo napakiza mzigo) na niliporudi nikaonyeshwa karatasi. Sebule mbele. Kutoka sebuleni kuna korido inakwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, vyumba huku na huku, na kule mwisho chumba cha mama, kinatazamana na choo, hatua mbili tu kufika uani. Leo nikiikumbuka karatasi ile naona hata ng'ombe angeielewa. Siku ile mimi niliona kitu kimoja, kwamba sebule ni ndogo.

Na hapo lazima niwaambie habari za sofa. Kabla sijanunua hata tofali moja nilikuwa nimeshaagiza sofa kwa seremala, mninga mtupu, la kona, watu kumi na watatu wanakaa bila kugusana, na kiti changu peke yake kama cha askofu. Sofa lile lilikuwa limekaa kwa seremala mwaka mzima limefunikwa turubai, na kila nikipita nalifunua kidogo nalitazama.

Siku ya kuseti msingi nikafika kiwanjani asubuhi nikamkuta Fundi Deo na vibarua wake wameshapiga vigingi na kuvuta kamba kwa kufuata ramani. Nikaanza kutembea ndani ya zile kamba kwa hatua zangu, hapa sofa linaanza, hapa linakata kona, hapa kiti changu, hapa televisheni, na hesabu ikagoma. Sofa lilikuwa linaingia mpaka katikati ya korido. Nikasimama nikaitazama ile korido, kamba mbili zinakwenda sambamba na katikati hakuna kitu, hakuna kitanda, hakuna meza, upepo tu, na nitainunulia tofali, saruji na vigae.

Nikainama nikang'oa kigingi.

Fundi Deo akaniangalia. "Ta, hiyo ni korido."

"Najua. Korido inafanya kazi gani?"

"Watu wanapita."

"Wapite sebuleni waone sofa. Deo, wewe umewahi kualikwa kwa mtu ukakaribishwa kwenye korido?"

Vibarua wakacheka, na mimi watu wakicheka huwa naongeza. Nikasema korido ni nafasi wasomi wanayowaibia watu wasiosoma. Nikang'oa cha pili. Fundi Deo, ambaye ni mtu wa taratibu, akauliza sasa mlango wa choo utatazama wapi, nikamwambia utatazama sebuleni, choo cha vigae vya kung'aa kina aibu gani? Akauliza na vyumba je, nikamwambia vyote vifungukie sebuleni, mtu akitoka chumbani nimwone, ni nyumba yangu. Akakuna kichwa, akavuta kamba upya. Mlango wa nyuma ukahamia jikoni.

Mama Koku alikuja kuona kuta zilipofika usawa wa renta, juu kidogo ya milango. Alizunguka polepole, anagusa tofali kwa kiganja, mpaka akafika chumba cha mama yake, akasimama kwenye uwazi wa mlango akatazama mbele. Ng'ambo ya sebule, kabisa upande wa pili, ulikuwepo uwazi wa mlango wa choo, na pembeni yake mahali pa kiti changu.

"Mama atapita wapi?"

"Atapita mlangoni kama watu wengine."

Akanyamaza. Mimi mwanamke akinyamaza huwa najihesabia nimeshinda. Ni makosa, lakini nimeishi hivyo miaka mingi.

Basi nyumba ikaisha, bati la rangi ya damu ya mzee, jipsam juu, vigae chini, sofa likaingia kama lilizaliwa humo. Tukapanga Jumamosi ya kubariki. Mama Koku akasafiri kwenda Muleba akakaa siku tatu kumbembeleza mama yake, na mwisho wake mama akakubali kwa sharti lake: anakuja kwenye baraka, ataiona nyumba, akiona anaweza kuishi humo bila kumsumbua mkwe wake anabaki, akiona hawezi anarudi siku hiyohiyo na asiombwe tena. Mama Koku aliponiambia hayo sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema, "Hii ni mara ya mwisho, bojo, tafadhali." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nani atakataa nyumba kama hii?

Jumamosi asubuhi nilikwenda kumchukua padri, na nyuma yangu shemeji yangu Kamugisha, mdogo wake Mama Koku, mwalimu wa shule ya msingi, akamleta mama kwa gari. Begi lake lilikuja limejaa, binti yetu Koku aliniambia lilikuwa zito. Wakampeleka chumbani kwake, wakampa chai ya maziwa kikombe kikubwa, na vidonge vyake vya presha, vile vinavyotoa maji mwilini. Niliporudi nikasikia kikohozi nyuma ya mlango. Nikasimama pembeni ya ukuta nikamsalimu kwa Kihaya cha heshima.

"Kasinge, waitu."

"Kasinge, mkwe wangu. Nasikia sauti inarudi, nyumba imekuwa kubwa."

Nilitaka kulia kwa furaha, sisemi uongo. Nilitoka pale nimevimba, na sikurudi kwenye saizi yangu mpaka saa nane mchana.

Watu walikuja wengi kuliko viti. Sofa likajaa wazee wa ukoo wa Muleba na wanajumuiya, mabenchi yakapangwa mpaka mlango wa mbele ukazibika, kina mama wamejaa jikoni na masufuria, na nje nilikuwa nimekodi spika mbili kubwa ili hata aliyekosa nafasi asikose maneno. Padri akapita chumba kwa chumba ananyunyiza maji ya baraka. Walipofika kwa mama mimi nikabaki nimegeukia ukutani kama inavyopasa, na wazee wa Muleba nikasikia wanaguna kwa kuridhika, kwamba huyu ana adabu. (Niliona pia wanaume wawili watatu wanajipenyeza kwenda nje kuelekea kwenye migomba ya jirani, nikadhani wanakwenda kupiga simu. Baadaye ndiyo nikajua, hakuna aliyethubutu kuingia kwenye choo ambacho mlango wake unatazamwa na watu arobaini na padri.)

Kisha nikapewa maiki, neno la mwenye nyumba.

Jamani, mimi maiki sijawahi kuiogopa. Nilianza na baiskeli. Nikaenda na mlima, nikaenda na Kemondo, nikaenda na ng'ombe aliyekufa, watu wanacheka, wazee wanapiga makofi, nikafika kwenye kijana wa ramani na korido yake. Nikasema mnaona hapa, ndugu zangu, hapa mlipokaa pangekuwa njia ya wapitanjia, lakini mimi niling'oa kigingi kwa mkono huu. Wakati nasema hayo nikamwona Mama Koku amesimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake ananiashiria kwa macho. Nikaelewa anataka nimtaje na yeye. Nikamtaja. Nikamsifu dakika kumi. Akaendelea kuniashiria kwa macho, sasa na kwa mkono, nikajua amefurahi, nikaongeza. Ndani ya chumba kile, nyuma yake, mama wa watu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda tangu saa tatu asubuhi na chai yake na vidonge vyake, na kati yake na choo kulikuwa na sebule yangu yote, na mimi nimesimama katikati ya sebule nikisifia kwamba hakuna korido.

Mwisho Kamugisha akainuka kwenye sofa, akanijia, akaninong'oneza sikioni, "Shemeji, mama anataka kupita. Tuondokee kidogo."

Sikuuliza anapita kwenda wapi. Hilo ndilo kosa langu la siku ile, na ni dogo kabisa ukilinganisha na kilichofuata. Nilichosikia mimi ni kwamba mama mkwe anatoka na mimi niko njiani, na adabu ikanishika mwili mzima. Nikatazama mlango wa mbele, mabenchi. Nikatazama jikoni, kina mama wameshika masufuria ya pilau wamejipanga mlangoni wakisubiri ishara. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, nikaufungua, nikaingia, nikaufunga.

Nilikuwa chooni.

Hata hapo sikushtuka. Nilivyoona vigae nikasema sawa, choo changu, nisimame tu humu mama apite. Nikasikia fimbo, ko, ko, ko, inakuja polepole juu ya vigae, na sauti ya Mama Koku, "Taratibu, mama, taratibu." Ko, ko. Inazidi kukaribia. Na ndipo akili ambayo haikuwahi kunisaliti barabarani wala sokoni ikafika, imechelewa, ikaniuliza: Mutalemwa, mama mzee aliyekaa chumbani kwa saa tano, aliyekunywa chai kikombe kikubwa, akisema anataka kupita, anapita kwenda wapi?

Nikashika kitasa kwa mkono mmoja. Mlango ukasukumwa, nikaushikilia. Ukasukumwa tena.

"Nani yumo humo?" Mama Koku akauliza. Alikuwa amemfunika mama yake kitenge kichwani mpaka usoni na anamwongoza, hakuwa ameona nilikoishia, alidhani nimetoka nje.

Watu arobaini walijua nani yumo. Hakuna aliyesema, kwa sababu kusema ni kumtaja mkwe mbele ya mama mkwe akiwa mahali kama pale. Nami nikaona ni bora nimweleze mke wangu polepole, kwa kunong'ona, mtu mwingine asisikie. Nikasogeza mdomo mlangoni nikanong'ona, "Mama Koku, ni mimi."

Maiki ilikuwa bado mkononi.

Spika zile mbili za nje zikanong'ona kwa Nshambya yote, MAMA KOKU, NI MIMI, mbwa wa jirani akabweka, na mimi nikaruka kwa kusikia sauti yangu inatoka barabarani, na katika kuruka nikavuta kitasa, kitasa kikang'oka (nilinunua vya bei rahisi, choo nani atakiiba), na mlango ukafunguka wenyewe taratibu, wote, mpaka ukagonga ukuta.

Ma Paskazia alikuwa hatua moja kutoka kwangu. Kwa ule mshtuko kitenge kilikuwa kimemteleza kikaanguka mabegani, na mimi, badala ya kuinamisha kichwa kama nilivyofanya miaka ishirini na mbili, nikamwona.

Alikuwa na uso wa Koku. Uso wa binti yangu uliozeeka, macho yaleyale, hata ile namna ya kubana midomo Koku anapozuia kulia. Sikujua. Mtoto amekua mbele ya macho yangu na sikujua anafanana na nani.

Kilichotokea baada ya hapo, pale juu ya vigae, sitakiandika. Mama wa watu ana heshima yake na aibu ninayosimulia ni yangu. Nitasema tu kwamba vidonge vile vinafanya kazi, na saa tano ni nyingi. Nitasema pia kwamba padri, Mungu amweke, alisimama akawaambia watu wote wageukie ukutani na waimbe, na wakageuka, wazee kwenye sofa wakapiga magoti juu ya mninga wangu wametazama plasta, wanaimba kwa nguvu zote, na Mama Koku na Koku wakamshika mama. Mimi nilimpita nikiwa nimejifunika uso kwa koti, nikavuka mabenchi, nikaangusha mawili, nikatokea nje, sikusimama mpaka kwenye migomba ya jirani, ambako niliwakuta wale wanaume wawili watatu. Mmoja akaniambia, "Pole, Ta." Nikagundua bado nina maiki, nyaya zimekatika.

Mama aliondoka bila kula, na begi lake zito. Kamugisha alipita kwenye gari polepole pale niliposimama akashusha kioo, na kwa sauti ya ualimu akanipa ujumbe, kwamba mama amesema, "Mwambieni mkwe wangu nyumba yake ni nzuri, ila haina njia." Akapandisha kioo. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na watu wawili. Mama Koku alikuwa anakwenda naye.

Hakunigombeza, ningependa angegombeza. Alinipigia simu kesho yake akasema mama hawezi kuishi peke yake tena, nyonga imezidi, kwa hiyo yeye atabaki Muleba amwangalie, mpaka hapo itakapopatikana njia, na kama haipatikani basi. Nikauliza atabaki kwa muda gani. Akasema, "Nilikuuliza mama atapita wapi, ukanijibu kama watu wengine. Mama yangu si watu wengine." Koku akabaki nami wiki moja kisha naye akawafuata.

Nikakaa peke yangu kwenye sebule ile. Nafasi kumi na tatu za sofa zinanitazama. Milango sita inanitazama. Nilikuwa nikienda chooni kwenye nyumba yangu mwenyewe naona haya, nafunga mlango kwa kamba kwa sababu kitasa hakuna.

Wiki ya tatu nikachukua mbuzi, vitenge viwili na dumu la lubisi, pombe yetu ya ndizi, nikaenda Muleba. Sikuingia ndani. Nilikaa nyuma ya nyumba ya mama, chini, juu ya majani ya migomba, mgongo nimeuegemeza ukutani, na ndani nikasikia kikohozi. Kamugisha, aliyekaa kando yangu kama msuluhishi, akaniambia nianze, nikaanza. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima, yenye mlima na baiskeli, yote yakapotea. Nikasema, "Waitu, nilikung'olea njia ili sofa likae. Nisamehe."

Alikohoa tena. Kisha akauliza, "Sofa lenyewe ni zuri?"

"Ni zuri, waitu."

"Sikuliona. Nilikuwa nimefunikwa."

Nikasikia wanawake wanacheka ndani, na mmojawapo alikuwa mke wangu, na sijawahi kusikia kicheko kitamu kama kile. Mama akasema mbuzi abaki, na mimi nirudi nikajenge.

Nikampigia simu kijana wa ramani. Alikuja na miwani yake, na karatasi mpya, na korido ilikuwa palepale nilipoing'oa. Sikumwambia kitu, nikamwomba anisomee kila mstari. Fundi Deo akaja na nyundo kubwa, na Mungu anajua alikuwa na haki ya kunicheka lakini hakucheka, aliuliza tu, "Kigingi nipige hapa, Ta?" nikamwambia nipe mimi, nikakipiga mwenyewe. Tulivunja kuta tatu, vigae vikang'olewa, jipsam ikashushwa, mlango wa choo ukageuzwa, mlango wa uani ukatobolewa pembeni ya chumba cha mama. Sofa lilikatwa kwa msumeno, seremala analia na mimi nalia, nafasi tano zikaenda ukumbini parokiani, na juzi nimemwona katekista amelalia mojawapo.

Mama amehamia mwezi uliopita. Jana jioni nimekaa kwenye kiti changu, kimebaki peke yake karibu na dirisha, nikasikia upande wa pili wa ukuta, ko, ko, ko, ikasimama.

"Mkwe wangu, umekaa?"

"Nimekaa, waitu."

"Kaa basi. Mimi napita."

Ikaendelea, ko, ko, mpaka mlango wa uani ukafunguka. Mama Koku alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa, lakini nilimwona anatabasamu kwenye ungo.

Kwa hiyo mkinikuta siku hizi kwenye kiwanja cha mtu, msishangae nikitazama kwanza ramani, kisha nikiuliza wenye nyumba watapita wapi, na nimejiapiza kwamba kamba iliyovutwa na fundi sitaigusa tena hata kama inapita katikati ya kiti changu. Mbuzi simhesabu, alikuwa wa zizini kwangu, na sofa silitaji maana bado linaniuma. Lakini korido ile, upana wake hatua moja na nusu, urefu hatua kumi na moja, korido ambayo mwanzoni ningeipata kwa kuacha tu kigingi mahali pake, imenigharimu shilingi milioni sita, laki mbili, arobaini na tatu elfu na mia tano.